Volti Zisizobeba Mzigo: Mhadhara juu ya Kutafuta Hitilafu za Umeme katika Breki za Trela



Nitazungumzia kifaa ambacho wengi wenu hamjawahi kukifunga: kidhibiti cha breki za umeme za trela, cha aina inayotumika Marekani na Kanada kwenye trela za farasi, trela za vifaa vya shambani, na zile nyumba za magurudumu ambazo wastaafu huzivuta kwa pikapu kutoka jimbo hadi jimbo. Kwetu trela kubwa hufunga breki kwa upepo, nami nitalifikia hilo baadaye. Nimekichagua kifaa hiki kwa kuwa kina nyaya nne tu, kila moja ina kazi inayoelezeka kwa sentensi moja, na bado kinawashinda mafundi wazuri. Hoja yangu ni kwamba kinawashinda kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine zote: wanaupima umeme wakati haufanyi kazi, kisha wanaamini walichokisoma.

Tuanze kwenye gurudumu. Ndani ya dramu ya breki kuna sumaku-umeme bapa, ya kujaa kiganja, iliyofungwa kwenye ncha ya mkono wa chuma. Mkondo ukipita, sumaku hunata kwenye uso wa ndani wa dramu inayozunguka, dramu huiburuta, mkono wa chuma huzunguka kwenye egemeo lake na kusukuma viatu vya breki hadi vikabane dramu. Sumaku yenyewe haina nguvu ya kusimamisha gurudumu. Inaazima nguvu za gurudumu lenyewe, ndiyo maana mkondo wa ampea tatu hivi unatosha kufunga breki ya gurudumu moja la trela ya tani kadhaa. Aliyelifanyia wazo hili biashara, miaka ya 1920, ni Arthur P. Warner wa Beloit, Wisconsin, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa vipima mwendo vya magari, na umbo la msingi halijabadilika sana tangu enzi zake. Upande wa gari, waya mweusi wa kidhibiti huleta umeme wa betri kupitia kikatio cha ampea 20 kwa trela ya ekseli moja au mbili, na 30 kwa ekseli zaidi ya hapo. Mweupe huurudisha umeme kwenye hasi ya betri, yaani ethi kwa lugha ya gereji. Mwekundu huleta habari kutoka kwenye swichi ya taa za breki kwamba dereva amekanyaga pedali. Wa buluu hubeba amri mpaka kwenye plagi ya nyuma yenye njia saba, na kutoka hapo hadi kwenye sumaku zote, ambazo zimeunganishwa sambamba, kila moja ikinywa kutoka kwenye waya huohuo wa buluu na kurudisha kwenye mweupe uleule.

Sasa tarakimu, kwa kuwa hoja yangu inasimama juu yake. Sumaku ya breki ya ukubwa wa kawaida, dramu ya inchi 10 au 12, ina ukinzani wa kati ya omu 3 na 4. Ikiwa baridi huwa karibu na 3; ikipata moto, shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na mkondo hupungua. Tuchukue omu 3.6 kama tarakimu ya katikati. Sumaku nne zilizounganishwa sambamba hutoa ukinzani wa jumla wa omu 0.9. Kwa kanuni ambayo Georg Simon Ohm aliichapisha mwaka 1827, na ambayo kila mwanafunzi wa ufundi huikariri kabla hajaielewa, volti 12 zitasukuma humo ampea 13 na kidogo. Omu 0.9 ni ukinzani mdogo sana. Kitu chochote kinachoongeza hata nusu ya omu njiani kinakuwa mshindani mkubwa wa sumaku zenyewe katika kugawana volti za betri.

Hebu tuiweke hiyo nusu ya omu mahali inapopenda kukaa: kwenye pini ya plagi iliyoota kutu ya kijani, au kwenye skrubu inayoshikilia waya mweupe kwenye fremu ya trela. Ukinzani wa jumla sasa ni omu 1.4. Mkondo unashuka kutoka ampea 13.3 hadi 8.6. Sumaku zinabaki na volti 7.7, na volti nyingine 4.3 zinaachwa kwenye kutu. Hasara ya breki ni kubwa kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha, kwa kuwa mvuto wa sumaku ambayo haijafikia ukomo wake huenda kwa mraba wa mkondo: asilimia 64 ya mkondo huacha mvuto wa asilimia 41 hivi. Na zile volti 4.3 hazipotei hewani. Zikizidishwa kwa ampea 8.6 ni wati 37 za joto ndani ya pini moja ndogo, joto linalofanana na la ncha ya pasi ya kuchomelea risasi. Plagi iliyoyeyuka, ambayo mwenye gari huilaumu kwa ubovu wa plastiki, mara nyingi ni ushahidi wa hesabu hii.

Fundi sasa anakuja na mita ya kidijitali. Anaichomoa plagi ya trela, au anaukata waya wa buluu karibu na gurudumu, anagusisha ncha, anamwomba msaidizi asukume swichi ya mkono ya kidhibiti hadi mwisho. Mita inasema 12.0. Anatamka kwamba umeme upo, kwa hiyo tatizo ni sumaku. Anaagiza sumaku nne, anazifunga, na breki zinabaki dhaifu vilevile. Kilichotokea ni rahisi kukokotoa. Mita za kidijitali za kawaida zina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye mita ni kama sehemu 1.2 za milioni za ampea. Mkondo huo ukipita kwenye nusu ya omu ya kutu unaacha hapo volti 0.0000006. Hata kutu ingekuwa na omu 1,000, kiasi cha kuzima breki zote kabisa, mita ingepungukiwa na kama sehemu moja tu ya elfu ya volti na ingeendelea kuandika 12.0. Waya wa namna hii una tabia ya mdaiwa mwenye maneno matamu: ahadi yake ni kamili mpaka siku ya kudaiwa. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya nyuzi kumi na tisa unatosha kuileta ahadi yote kwenye kioo cha mita.

Volti zilizopimwa bila mzigo zinajibu swali moja tu: je, njia imekatika kabisa au haijakatika? Hazisemi kama njia hiyo inaweza kubeba ampea 13. Breki, kwa upande wao, zinauliza swali la pili tu. Basi kipimo kinachostahili kutangulia vingine ni mkondo, ukiwa unapita, kwenye waya wa buluu, huku trela imeunganishwa na kila kitu kiko mahali pake. Mita ya kubana ya mkondo wa moja kwa moja, ambayo haihitaji kukata waya, inafanya kazi hiyo kwa nusu dakika. Asiye nayo anaweza kuunganisha mita ya kawaida kwa mfululizo, ilimradi tundu lake la ampea linavumilia 10 au 20, na ilimradi anajua idadi ya sumaku anazozipima.

Hapa pana jambo tamu ambalo kipimo cha volti bila mzigo hakiwezi kulitoa. Trela ya ekseli mbili inatarajiwa kunywa ampea 12 hivi zikishatolewa hasara za kawaida za njiani. Ikinywa tisa, inawezekana sumaku moja imekatika. Ikinywa sita, inawezekana ekseli nzima au upande mzima umejitenga. Lakini ampea 8 au 9 zinaweza pia kutoka kwenye ile nusu ya omu niliyoieleza, sumaku zote nne zikiwa nzima. Tarakimu moja ina maelezo mawili. Yanatenganishwa kwa kupima volti kwenye nyaya za sumaku yenyewe, mkondo ukiendelea kupita. Volti zikiwa karibu na 11, njia kuu ni nzima na kuna sumaku isiyofanya kazi. Zikiwa 7 au 8, sumaku hazina kosa na hasara iko kwenye njia zinayoshirikiana. Vipimo viwili, dakika tano, na tayari tumeepuka kununua kitu kisichohitajika.

Ikiwa hasara iko njiani, itafutwe kwa kipimo ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kinachotumika kwa uchache kuliko thamani yake: ncha zote mbili za mita kwenye waya uleule, moja mwanzoni na nyingine mwishoni, mkondo ukiwa unapita. Wanafunzi huona ajabu, kwa sababu wamezoea kupima kati ya chanya na hasi. Waya mzima utaonyesha sehemu ndogo tu ya volti. Waya mgonjwa utaonyesha hasara yake waziwazi, na kwa kusogeza ncha moja kuelekea nyingine tarakimu itaporomoka ghafla pale ncha itakapopita kiungo kibovu. Ni lazima kipimo hiki kifanywe upande wa mweupe pia. Ncha moja kwenye waya wa kurudi wa sumaku, nyingine kwenye hasi ya betri ya gari. Wengi hukagua njia ya kwenda tu, kana kwamba umeme ukishafika kwenye gurudumu safari imekwisha. Mkondo unaokwenda ndio huohuo unaorudi, na omu moja ya upande wa kurudi inanyonga breki sawasawa na omu moja ya upande wa kwenda. Kaskazini mwa Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu, upande wa kurudi huharibika kwanza, kwa sababu skrubu ya ethi iko nje kwenye fremu inayorushiwa maji ya chumvi, wakati viungo vingi vya waya wa buluu vimefichwa ndani ya kisanduku. Zipo pia trela zinazofanya kazi nusunusu kwa miaka kwa sababu umeme unarudi kupitia tufe la chuma la kuvutia trela, chuma kwa chuma chenye grisi katikati. Trela ikivutwa breki zinashika, ikilegea zinaachia, na mwenye gari anasema kidhibiti kina wazimu.

Urefu na unene wa waya navyo vihesabiwe kabla ya kumshtaki mtu. Kutoka kwenye kidhibiti hadi ekseli ya nyuma ya trela ya wastani ni mita 15 hivi. Waya wa milimita mraba 2 wa urefu huo una omu 0.13 hivi, kwenda na kurudi ni 0.26, na kwa ampea 12 unapoteza volti 3 hivi bila kutu hata chembe. Waya wa milimita mraba 5 ungepoteza volti 1.2. Trela iliyofungwa waya mwembamba kiwandani au na fundi mbahili itakuwa na breki dhaifu tangu siku ya kwanza, na hakuna kiungo kibovu kitakachopatikana humo. Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na dawa yake ni kununua waya mnene.

Kuna mtego mmoja wa vipimo ambao sina budi kuutaja kabla sijasikiliza pingamizi. Vidhibiti vya kisasa havipunguzi volti ili kupunguza breki. Vinafungua na kufunga umeme mamia ya mara kwa sekunde, na nguvu ya breki hutokana na sehemu ya muda ambao umeme unapita. Mita ya kawaida huonyesha wastani wa fujo hiyo, na mita mbili zinaweza kutofautiana. Isitoshe, vile vinavyopima kasi ya gari inavyopungua hutoa umeme kidogo tu gari likiwa limesimama hata pedali ikikanyagwa mpaka chini, kwa sababu hakuna kasi inayopungua. Fundi asiyejua hilo atakitangaza kibovu kifaa kipya kabisa. Yote mawili yanaepukwa kwa kupima swichi ya mkono ikiwa imesukumwa hadi mwisho na kiwango cha nguvu kikiwa juu kabisa, hali ambayo umeme unakaribia kuwa mfululizo. Swichi hiyo hiyo ina manufaa mengine. Breki zikishika kwa mkono lakini zisishike kwa pedali, waya wa buluu, plagi na sumaku zote zimeshaondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Umebaki mwekundu, swichi ya taa za breki na fyuzi yake.

Pingamizi la kwanza ni la mwenye gereji, nalo ni la haki. Atasema: mteja yuko mlangoni, seti ya sumaku si ghali, kazi ya fundi ndiyo ghali, kubadilisha ni haraka kuliko kufikiri. Ningemkubalia kama kubadilisha kungekuwa haraka kweli. Lakini kufikia sumaku ni kuinua ekseli, kung'oa gurudumu, kutoa dramu na beringi zake, kukata viungo na kuvifunga upya, mara nne. Kufikia ampea ni kubana waya mmoja. Na kuna madhara ambayo hayaonekani kwenye stakabadhi. Kila kubadilisha kunaongeza viungo vipya kwenye mfumo ambao ugonjwa wake mkuu ni viungo. Zaidi ya hapo, breki zinaweza kupona kwa bahati, kwa kuwa fundi aliikwangua skrubu ya ethi alipokuwa akifunga sumaku mpya, na gereji ikajifunza somo la uongo kwamba sumaku za aina ile hufa mapema. Somo hilo litawagharimu wateja wengine kumi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoamini kwamba mashine imeshajifunza kujitibu. Tangu Ford ilipoanza kuweka kidhibiti cha kiwandani kwenye pikapu za Super Duty za mwaka 2005, na watengenezaji wengine wakafuata, vifaa hivi hutoa ujumbe: trela imeunganishwa, trela haijaunganishwa, kuna shoti. Je, tunahitaji mita? Ujumbe huo una faida, hasa ule wa shoti, kwa kuwa unakata umeme kabla nyaya hazijaungua. Lakini kidhibiti kimekaa mwisho mmoja wa njia ndefu na kinachokiona ni mzigo wa jumla tu. Kikikuta mkondo fulani unapita, kinaridhika kwamba kuna trela nyuma. Vingi haviambiwi na mtu yeyote kwamba trela hii ilipaswa kunywa ampea 12; tarakimu hiyo iko kichwani mwa fundi, au haipo popote. Taa ya kijani ya "imeunganishwa" inaweza kuwaka juu ya mfumo unaofunga breki kwa nusu ya uwezo wake. Hata shoti, ambayo kifaa huitambua vyema, hakisemi iko wapi. Utengano wa kwanza ni wa kuchomoa plagi: shoti ikitoweka, iko kwenye trela. Ikiwa kwenye trela, mshukiwa wa kwanza awe waya unaopita ndani ya bomba la ekseli kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia. Umelala humo ukicheza na kila tuta, unasugua chuma, na ngozi yake inakwisha mahali ambapo jicho halifiki. Tenganisha sumaku, kisha pima ukinzani kati ya waya huo na ekseli. Unatakiwa kuwa hauna kikomo.

Hapo mtu makini atanishika: basi ukinzani wa trela nzima upimwe kwenye plagi, gari likiwa mbali, na tumalize kazi bila kuwasha kitu chochote. Nusu ya jibu ni ndiyo. Kipimo hicho kinaonyesha kukatika kabisa na hakina hatari. Tatizo ni kwamba tunatafuta omu 0.9, na nyaya za mita ya bei nafuu zenyewe zina omu 0.2 hadi 0.5. Asiyezitoa kwa kugusisha ncha kwanza na kusoma tarakimu yake atakuwa anapima mita yake mwenyewe. Tena mita hupima ukinzani kwa mkondo mdogo mno, ambao uzi mmoja wa shaba unaubeba bila jasho. Tumerudi kwenye kosa lilelile kwa mlango mwingine.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi. Vipimo vyote hivi hufanywa trela ikiwa imesimama, na hitilafu zinazoua watu ni zile za barabarani: breki zinashika, zinaachia, zinashika tena, na ukifika gereji kila kitu kiko sawa. Nakiri kwamba hapa mita peke yake haitoshi. Hata hivyo, kinachohitajika ni kuileta barabara gereji bila kuacha kupima. Mita ya kubana ikiwa kwenye waya wa buluu na swichi ya mkono ikiwa imefungwa kwa kamba, mtu mmoja aitazame tarakimu na mwingine atikise plagi, akunje waya kwenye kila kona ya fremu, apige ekseli kwa nyundo ya mpira. Ampea zikiruka, kiungo kimejitaja. Kazi hii isivuke dakika chache kwa mkupuo mmoja, maana sumaku zikiachiwa umeme wote gari limesimama hupata moto, mkondo hushuka wenyewe, na fundi anaweza kuanza kutafuta hitilafu aliyoitengeneza yeye. Pale ambapo msaidizi hayupo, mzigo wa bandia hufaa: balbu ya taa ya mbele ya wati 55 hunywa ampea 4.6, na ikiunganishwa kwenye pini za plagi ya gari itafifia mbele ya macho kila mara kiungo cha upande wa gari kinapolegea. Testa ndogo ya balbu ya dashibodi haifai kwa kazi hii. Inakunywa mkondo mdogo, na uaminifu wake unakaribiana na ule wa mita bila mzigo.

Nimeahidi kugusia kwetu. Katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, au Mombasa hadi Malaba, semitrela hufunga breki kwa upepo, na umeme hauingii kwenye nguvu ya breki yenyewe. Unaingia kwenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ABS, ambao hupata volti 24 kupitia plagi yake maalumu kati ya lori na trela. Plagi hiyo inaonja vumbi, mafuta na kuchomolewa kila siku. Vali za mfumo huo hudai mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, pale tu gurudumu linapoanza kuteleza, na ndiyo sababu mita bila mzigo inaweza kudanganya vibaya zaidi huku kwetu kuliko Marekani: kiungo kinaweza kuonekana kizima kwa wiki nzima na kushindwa katika sekunde pekee kilipohitajika. Kinachofuata mara nyingi ni dereva au fundi kuiziba taa ya onyo kwa plasta. Balbu ya taa ya mbele ya volti 24 kama mzigo, na kipimo cha volti zinazopotea kwenye kila upande wa plagi, vingemaliza mabishano mengi juu ya kama kompyuta ya ABS imekufa. Ni kifaa cha bei kubwa kukibadilisha kwa kubahatisha.

Kurudi kwenye trela za umeme, liko jambo moja ambalo linaipima hoja yangu pale inapouma zaidi. Trela hizi hubeba betri yao ndogo na swichi yenye pini iliyofungwa kamba kwenye gari. Trela ikichomoka barabarani, kamba huvuta pini, na betri hufunga breki zote. Kanuni za shirikisho za Marekani kwa magari ya biashara, kifungu cha 393.43, hudai breki hizo zijifunge zenyewe na zibaki zimefungwa kwa angalau dakika 15. Sumaku nne kwa robo saa ni ampea-saa 3. Betri nyingi za kazi hii ni za ampea-saa 5 hivi, na betri ndogo ya risasi inayonyonywa haraka namna hiyo haitoi yote iliyoandikiwa. Ikiwa imezeeka, pengo linakwisha. Betri iliyozeeka ikipimwa imepumzika itaonyesha volti 12.6 kwa ukarimu wote. Pini ikichomolewa, trela ikiwa imetenganishwa na gari ili umeme usirudi nyuma na kuharibu kidhibiti, na volti zikisomwa tena baada ya dakika moja ya mzigo, ndipo umri wake utajulikana. Ukaguzi unaosoma volti za betri iliyopumzika na kupiga mhuri haujakagua kitu.

Mwisho kuna mpaka wa somo langu. Ikiwa kila sumaku inakunywa ampea tatu, volti kwenye nyaya zake ni 11 au zaidi, na trela bado haisimami, umeme umemaliza kazi yake na hauna la kujibu. Inawezekana beringi imevujisha grisi kwenye lainingi, uso wa dramu umechimbika, sumaku imelika upande mmoja mpaka hainati, au viatu havijarekebishwa tangu trela inunuliwe. Hakuna kipimo cha mita kitakachoona hayo. Hapo jeki iingie chini ya ekseli na gurudumu litoke, na gharama ile ya kazi ambayo mwenye gereji aliitetea mapema imepata mahali pake pa halali.